Majina Yasiyofungwa na Jinsia: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Anayesoma orodha ya wanafunzi na kukuta jina Bahati, Tumaini, Imani au Furaha hawezi kujua kama mwenye jina ni mvulana au msichana mpaka amwone. Majina ya namna hii yamezungukwa na dhana nyingi, na karibu zote zinatokana na kosa moja la kudhani kwamba jinsia imo ndani ya neno lenyewe. Ukweli ni kwamba jinsia ya jina hutoka kwa watu wanaolitumia, na watu hao hawakubaliani kutoka nchi hadi nchi, wala kutoka kizazi hadi kizazi.

Dhana: Majina ya jinsia zote ni mtindo mpya uliotoka Ulaya na Marekani

Hii ndiyo dhana inayosikika zaidi, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Kulwa na anayefuata huitwa Doto, wawe wavulana watupu, wasichana watupu, au mmoja wa kike na mwingine wa kiume, na mtoto anayezaliwa baada ya mapacha hao huitwa Shija. Jina hapa linahifadhi zamu ya kuzaliwa, wala halishughuliki na maumbile ya mtoto. Wayoruba wa Nigeria wana utaratibu unaofanana sana na huo: wa kwanza ni Taiwo, ambaye husemwa kwamba ametangulia kuuonja ulimwengu, na wa pili ni Kehinde, ajaye nyuma, ambaye kwa desturi yao ndiye mkubwa kwa sababu ndiye aliyemtuma mwenziwe. Anayewafuata ni Idowu, na majina yote matatu hupewa watoto wa kike na wa kiume.

Baganda wanaonyesha jinsi mambo yanavyoweza kuchanganyika ndani ya nyumba moja. Mapacha wao wana majina yanayotenganisha jinsia, kwani wavulana ni Wasswa na Kato, ilhali wasichana ni Babirye na Nakato. Lakini mtoto anayezaliwa baada ya mapacha ni Kizza, awe wa kiume au wa kike. Nchini Rwanda na Burundi, ambako kwa desturi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe badala ya kurithi la baba, majina mengi ni sentensi kamili kuhusu Mungu, kama Iradukunda, yaani Mungu anatupenda, na sentensi ya namna hiyo humfaa mtoto yeyote. Hata hivyo Wanyarwanda hao hao wana viambishi Nyira- na Muka- vinavyolifanya jina kuwa la kike waziwazi. Washona wa Zimbabwe nao huita watoto wa jinsia zote Tendai, yaani shukuruni, na Farai, yaani furahini. Jina kama hilo ni maneno ya wazazi wakiwaambia jamaa na majirani, na mtoto ndiye anayeyabeba.

Nje ya Afrika, mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Masikh, ambao wasemaji wa Kiswahili wamezoea kuwaita Makalasinga. Katika desturi yao, kitabu kitakatifu cha Guru Granth Sahib hufunguliwa, na herufi ya kwanza ya utenzi unaosomwa huwa ndiyo herufi ya kwanza ya jina la mtoto. Kwa kuwa utenzi haubagui, majina mengi yanayopatikana hutumiwa na wote. Jinsia huonyeshwa na jina linalofuata, ambalo ni Singh, yaani simba, kwa wanaume, na Kaur kwa wanawake, utaratibu unaohusishwa na mwaka 1699, ambapo Guru Gobind Singh, kiongozi wa Masikh, aliunda jumuiya yao ya Khalsa. Ndiyo maana India imekuwa na nahodha wa timu ya wanaume ya mpira wa magongo aitwaye Harmanpreet Singh, na wakati huo huo nahodha wa timu ya wanawake ya kriketi aitwaye Harmanpreet Kaur.

Dhana: Maana ya jina ndiyo inayoonyesha jinsia yake

Wanaoshikilia dhana hii husema kwamba majina yenye maana ya upendo, maua na upole ni ya wasichana, na yenye maana ya nguvu na vita ni ya wavulana. Hoja hiyo inabomolewa na jina moja tu, Andrea, ambalo chimbuko lake ni neno la Kigiriki lenye maana ya mwanaume. Nchini Italia jina hilo ni la wanaume, kama mwimbaji Andrea Bocelli, ilhali Ujerumani, Hispania na Uingereza limekuwa jina la kawaida la wanawake, ambao hakuna anayewauliza kuhusu Kigiriki.

Majina ya siku yanalithibitisha jambo hili vizuri zaidi, kwa sababu maana yake haibadiliki hata kidogo. Mtoto wa kiume aliyezaliwa Ijumaa katika pwani ya Afrika Mashariki huitwa Juma, na wa kike huitwa Mwanajuma au Mwajuma. Kwa Waakan wa Ghana, wa kiume ni Kofi, kama alivyoitwa Kofi Annan, aliyezaliwa siku ya Ijumaa mwaka 1938, na wa kike ni Afua. Lakini kwa Washerpa wa Nepal, Ijumaa ni Pasang, na Pasang ni jina la mtu yeyote: Pasang Dawa Lama alikuwa miongoni mwa wanaume watatu waliofika kwanza kwenye kilele cha Cho Oyu mwaka 1954, na Pasang Lhamu Sherpa alikuwa mwanamke wa kwanza wa Nepal kufika kilele cha Everest, mwaka 1993. (Dawa, kwa lugha yao, ni Jumatatu, na halihusiani na hospitali.) Siku ni ile ile moja, jamii mbili zimeona haja ya kuigawa kati ya wana na mabinti, na ya tatu haikuiona haja hiyo.

Dhana: Lugha isiyo na jinsia katika sarufi yake huzaa majina yasiyo na jinsia

Kiswahili hakitofautishi mwanamke na mwanaume katika viambishi vyake vya nafsi, na bado watu wake wana Idi na Mwanaidi, Hamisi na Mwanahamisi. Wajaluo wanaenda mbali zaidi, kwani aliyezaliwa usiku ni Otieno akiwa wa kiume na Atieno akiwa wa kike, na Wakalenjin wana Kip- na Chep- kwa kazi hiyo hiyo. Kwa upande mwingine, Kiarabu, ambacho sarufi yake hugawa hata vitu visivyo na uhai kuwa vya kike na vya kiume, kina majina kama Nur, yaani nuru, ambalo hupewa wote.

Dhana: Dini zimekataza jina moja kutumiwa na mwanamke na mwanaume

Historia ya dini zenyewe haiungi mkono dai hili. Wasomaji wa sira, yaani historia ya maisha ya Mtume Muhammad, wanamfahamu Hind bint Utba, mwanamke mashuhuri wa Makka, lakini Bibi Khadija, mke wa Mtume, alikuwa na mtoto wa kiume aitwaye Hind bin Abi Hala, ambaye maelezo yake kuhusu sura na mwenendo wa Mtume yamenukuliwa mara nyingi. Asma ni binti wa Abu Bakr, na pia ni jina la sahaba wa kiume, Asma bin Haritha. Miongoni mwa wapokezi wa hadithi za Mtume yumo hata mwanamume aitwaye Juwayriya bin Asma, ambaye jina lake na la baba yake, msomaji wa leo angeyadhania yote mawili kuwa ya kike. Katika Biblia, Abiya ni mfalme wa Yuda, mwana wa Rehoboamu, na Abiya pia ni mama wa mfalme Hezekia.

Dhana: Jina linaloishia kwa -a ni la kike

Hamza, Musa, Juma, Baraka, na Nikita wa Warusi wanatosha kuwa jibu.

Dhana: Jina likishakuwa la wote, hubaki la wote

Majina huhama, na katika Kiingereza mengi yamehama kutoka kwa wavulana kwenda kwa wasichana. Shirley lilikuwa jina la mahali, kisha la ukoo, kisha la wanaume, mpaka Charlotte Brontë alipochapisha riwaya yenye jina hilo mwaka 1849, ambamo wazazi waliotarajia mwana walipata binti na kumpa jina walilokuwa wameliandaa. Leo ni vigumu kumpata mvulana anayeitwa Shirley. Evelyn lilipita njia kama hiyo, na wakati wa mpito wake mwandishi Evelyn Waugh alimwoa mwanamke aitwaye Evelyn mwaka 1928, hata marafiki wakalazimika kuwaita Evelyn wa kiume na Evelyn wa kike. Wazazi wengi huliacha jina kwa wavulana mara linapozoeleka kwa wasichana, na kinyume chake hutokea kwa nadra sana. Jambo hilo linaeleza zaidi hadhi ambayo jamii huwapa wanawake kuliko linavyoeleza majina.

Dhana: Ni nchi maskini au za kidini tu zinazoingilia jinsia ya majina

Ulaya ndiko kwenye kesi nyingi zinazojulikana. Nchini Ujerumani, msajili alikataa msichana aitwe Kiran, jina la Kihindi lenye maana ya mwale wa mwanga, kwa kuwa halikuonyesha jinsia. Desemba 2008 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba hakuna sheria inayodai jina lionyeshe jinsia, na kwamba uhuru wa wazazi unakomea pale tu ustawi wa mtoto unapohatarishwa. Italia ilisubiri hadi mwaka 2012 ndipo mahakama yake ya juu ikaruhusu msichana aitwe Andrea. Huko Iceland, kamati ya majina ilikataa msichana aitwe Blær, yaani upepo mwanana, ikisema ni neno la kiume, na kwa miaka mingi hati za serikali zikamwandika kwa neno la Kiiceland lenye maana ya msichana tu, mahali pa jina. Mahakama ya Reykjavik ilimpa haki ya jina lake mwaka 2013, na sheria ya mwaka 2019 ikaondoa kabisa sharti la kulinganisha jina na jinsia.