Kuacha pombe ghafla: maswali tunayoulizwa mgonjwa akiwa ameshaanguka

Naandika hii maana nimechoka kuona kitu kilekile. Analetwa mtu kafungwa kamba mikononi, ulimi kaung'ata, uso umevimba kwa kujigonga ukutani, ukiuliza ndugu wanakwambia aliamua kuacha pombe siku tatu zilizopita kwahiyo wakamfungia ndani wamsaidie. Kumsaidia gani huko jamani.

Uraibu ni ugonjwa kweli au ni tabia tu?

Ni ugonjwa. Mtu anaendelea kunywa huku anaona kabisa inamharibia, akijaribu kupunguza anashindwa, na mwili ushazoea kiasi kwamba bila pombe haukai sawa. Kulewa siku ya sherehe sio uraibu. Kuamka asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue kwanza ndo ushike kikombe, hiyo ndo ninayoiongelea hapa.

Sasa mbona ameacha kitu kibaya halafu ndo anaumwa?

Pombe inapoza ubongo. Ukinywa kila siku kwa muda mrefu ubongo unajifunza kushindana nayo, unajichangamsha kwa nguvu ili uendelee kufanya kazi. Chukulia watu wawili wanasukumana mlangoni, mmoja huku mwingine kule, halafu wa kule akaondoka bila kusema. Aliyebaki si anaanguka na mlango wake? Ndo hivyo, ukiitoa pombe ghafla ubongo unabaki unasukuma peke yake, mapigo ya moyo yanapanda, presha inapanda, jasho, kutapika, usingizi hakuna.

Lakini si ndo sumu inatoka? Akivumilia siku mbili tatu inaisha.

HAPANA. Hili ndo limeua watu. Kutetemeka sio sumu kutoka, ni dalili kwamba ubongo umeanza kuchemka. Mara nyingi inaanza masaa 6 hadi 12 baada ya kinywaji cha mwisho, na ndani ya siku mbili za kwanza mtu anaweza kuanguka kifafa hata kama hajawahi kuwa na kifafa maishani mwake. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wengine wanaingia kwenye hali mbaya zaidi, homa inapanda, anaweweseka, hajui yuko wapi, anaona wadudu ukutani na watu ambao hawapo. Hapo hajawa kichaa wala hajapandwa na pepo, na hiyo hali isipotibiwa inaua. Sasa angalia, hizo "siku mbili tatu" mnazomwambia avumilie ndo zenyewe za hatari.

Mwaka jana aliacha mwenyewe nyumbani, akatetemeka tu basi ikaisha.

Nashukuru Mungu iliisha, ila msiitumie kama ushahidi. Kila anapoacha na kurudia, ubongo unazidi kuwa mwepesi kulipuka, kwahiyo mara ya kwanza inaweza kuwa kutetemeka tu, mara ya tatu ikawa kifafa. Aliyewahi kuanguka kifafa au kuweweseka alipoacha zamani hatakiwi kabisa kujaribu tena nyumbani. Kabisa.

Kwahiyo unasema aendelee kunywa?

Sijasema hivyo, na nikiulizwa tena nitajibu hivihivi. Aache, lakini aanzie hospitali. Kama ni mnywaji wa kila siku na bado hajaonana na daktari, asikate ghafla kwa sababu tu mmegombana jana, aende kwanza apangiwe jinsi ya kushuka.

Hospitali watamfanya nini?

Kwa kawaida anapewa dawa za kutuliza ubongo kama diazepam, dozi inashushwa siku hadi siku, na vitamini B1 kwa sababu walevi wengi wameishiwa nayo na ukosefu wake unaweza kuharibu kumbukumbu moja kwa moja. Tafadhali usiende kununua hiyo diazepam ukampa mwenyewe, ikikutana na pombe mtu anaweza kuacha kupumua akiwa amelala na wewe unasema angalau leo kapumzika.

Kuna vidonge vya kumchanganyia kwenye chakula bila kujua, achukie pombe?

Hili nalo linanitoa jasho. Dawa yenyewe inaitwa disulfiram, ipo, ni ya mtu aliyekubali mwenyewe na anajua akinywa tone nini kitampata. Ukimwekea kisiri atakunywa kama kawaida yake, uso utawaka, atatapika, moyo utaenda mbio, presha inaweza kushuka akafa mezani kwako. Mnamtega kama panya halafu mnasema mnampenda.

Akishamaliza matibabu ndo amepona?

Bado. Zile siku chache zinaondoa hatari ya kuacha, hamu inabaki. Zipo dawa za kupunguza hamu kama naltrexone, upo ushauri nasaha, yapo makundi ya walioacha wanaokutana wakaambiana ukweli. Akiteleza arudi kliniki mapema, asijifiche miezi sita kwa aibu, na nyie msimpokee kwa matusi mlangoni maana ndo mnamrudisha alikotoka.

Ameanza kutetemeka sasa hivi na ni usiku, tusubiri kukuche?

Kama anatoka jasho jingi, anatapika, haeleweki anachoongea, anaona visivyokuwepo au ameanguka hata mara moja, msisubiri. Akidondoka mlazeni ubavu, toeni vitu vya kumuumiza karibu yake, msimtie kijiko mdomoni, msimfunge kamba, tafuteni usafiri. Na mkifika mapokezi acheni ile ya kusema "ana homa tu" kwa kuona aibu, tunapoteza masaa tukitafuta homa. Semeni anakunywa nini, kiasi gani kwa siku, na kinywaji cha mwisho kilikuwa saa ngapi.