Kisukari na moyo: maswali yanayoulizwa sana Moshi

Kisukari ni habari ya sukari. Moyo unaingiaje hapo?

Unaingia kupitia mishipa ya damu. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu utando laini wa ndani ya mshipa. Lehemu (kolesteroli, aina ya mafuta yaliyomo kwenye damu) hupenya palipoharibika, hujikusanya ukutani, na njia ya damu inakuwa nyembamba. Siku lehemu hiyo ikipasuka, damu huganda juu yake na kuziba ghafla. Mshipa wa moyo ukiziba, ni shambulio la moyo. Wa ubongo, ni kiharusi. Wa mguu, kidonda kinakataa kupona. Mwenye kisukari ana hatari ya kupata shambulio la moyo au kiharusi karibu mara mbili ya asiye nacho. Sigara huiongeza zaidi.

Kila asubuhi kipimo cha sukari kinasoma 6 (mmol/L). Si niko salama?

Hiyo ni habari njema, ila ni ya asubuhi ile tu. Omba kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi 2 hadi 3; kwa watu wazima wengi lengo ni chini ya asilimia 7. Tena sukari peke yake haitoshi. Wapo wanaolinda sukari vizuri na kusahau presha, na presha ndiyo inayowaangusha. Kwa wengi wenye kisukari lengo ni chini ya 130/80. Lehemu, na protini kwenye mkojo, vipimwe angalau mara moja kwa mwaka.

Ukipima presha, kaa kwanza dakika 5 bila kuongea, mgongo umeegemea, nyayo chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Kahawa na sigara viache nusu saa kabla. Aliyetoka kupanda kilima cha Kibosho kwa miguu akapimwa papo hapo atasomewa namba ya uongo.

Shambulio la moyo lazima liambatane na maumivu ya kifua?

Hapana, na hapa ndipo tunapopoteza watu. Kisukari huharibu pia mishipa ya fahamu, hivyo maumivu huenda yasisikike kabisa. Mtu anachoka ghafla, anakosa pumzi, anatokwa jasho la baridi, anasikia kichefuchefu, au taya na mkono wa kushoto vinakuwa vizito. Wengi husema ni gesi au vidonda vya tumbo, wanakunywa dawa na kulala.

Jasho na kutetemeka vinaweza pia kuwa sukari kushuka. Kama mashine iko karibu, pima. Ikiwa chini ya 3.9 na anaweza kumeza, mpe vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, rudia kupima baada ya dakika 15. Kama sukari haiko chini, au kifua kikibana, au pumzi ikiwa ngumu, msisubiri asubuhi: tafuteni gari mara moja mwende Mawenzi, KCMC au hospitali iliyo karibu. Mgonjwa asiendeshe mwenyewe, wala asipakiwe bodaboda.

Mtori na mbege je?

Mtori ni wanga wa ndizi, na mara nyingi una mafuta mengi. Hukatazwi. Engua mafuta, kula bakuli dogo, na mlo huo usiongeze wali wala chapati. Chumvi ya siku nzima isizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye vyakula vya dukani. Mbege ina sukari na pombe pamoja: inaweza kupandisha sukari kwanza, kisha kwa anayetumia insulini au glibenklamaidi (kidonge cha kushusha sukari) ikaishusha usiku akiwa amelala. Kwa huyo, ni bora aiache.

Presha imeshuka. Niache vidonge?

Imeshuka kwa sababu unavimeza. Ukiacha, itapanda tena, na huenda usihisi chochote. Ukiwa na miaka 40 au zaidi, muulize daktari kuhusu dawa ya lehemu kama atovastatini, hata kama lehemu yako haikusoma juu sana. Aspirini usijianzishie kwa kuinunua duka la dawa; inaweza kuleta damu tumboni, na daktari ndiye wa kupima kama faida yake kwako inazidi hatari hiyo.