Kile kipete kwenye skani hakijazwi kwa mayai

Juzi tena, chumba cha skani hapa Mombasa. Mkaza mwana ana mimba ya wiki sita, na mama mkwe wake kamsindikiza. Alipoiona ile pete nyeupe yenye weusi katikati, bibi akaniuliza: "Daktari mwanangu, kumbe kiini ni kidogo hivyo? Nimchemshie mayai mangapi kwa siku kijae?"

Mayai ni chakula kizuri, na ale. Lakini pete hiyo, yaani kifuko cha kiini (yolk sac), haijai kwa mayai, na swali hili nimeshalijibu mno.

Kifaranga hufungiwa ndani ya gamba pamoja na posho yake yote. Binadamu, kama nyani na tumbili, hana posho hiyo. Ndani ya kifuko chetu mna majimaji tu. Kazi yake iko ukutani. Humo seli za kwanza za damu huumbika katika wiki ya tatu tangu mimba itungwe, ini na uboho bado kuanza kutengeneza damu. Humo pia huonekana seli zitakazokuja kuwa mayai au mbegu za uzazi za mtoto mwenyewe, kisha huhama kwenda zinakoumbika ovari au korodani. Sehemu ya kifuko hukunjwa mwilini ikawa utando wa utumbo. Chakula chenyewe hutoka kwenye tezi za mji wa mimba, nacho kifuko hukipokea na kukipitisha hadi kondo la nyuma liweze kulisha.

Kwa hiyo msifurahie ukubwa! Kipenyo kikizidi milimita 6 humwita mama tupime tena, maana vifuko vikubwa huandamana zaidi na mimba kuharibika.

Kuna na mengine ninayoambiwa. "Hicho ni pacha aliyekufa." Hapana. Mimba ya mtoto mmoja nayo ina kifuko.

"Kifuko kipo, mtoto haonekani, basi mimba imetoka." Kifuko hutangulia kuonekana, yapata wiki ya tano na nusu tangu hedhi ya mwisho, kiinitete (mtoto angali mchanga kabisa) hufuata. Tafadhali, dada zangu, msinunue vidonge vya kusafisha kwa sababu ya picha moja. Mimi humrudisha mama baada ya wiki mbili, na nimeona mapigo ya moyo kwa waliokuja wakilia.

"Mbona mwezi wa nne hakionekani?" Kondo limeshika kazi, kifuko kimesinyaa.