Je, wajua ukungu unaweza kuongeza shabaha ya mpiga mishale?

Chukua hali hii kutoka mchezo wa Dungeons & Dragons. Mpiga mishale amesimama futi 200 kutoka kwa adui yake, mchana kweupe. Upinde wake mrefu hupiga bila shida hadi futi 150. Kutoka hapo hadi futi 600 mshale bado unafika, ila kwa taabu. Ili ampate adui, anahitaji 10 au zaidi kwenye dadu ya pande 20. Kwa umbali huo, uwezekano wa kumpata ni asilimia 30 na ushee. Mara ukungu mzito unatanda bonde zima, hakuna anayemwona mwenzake. Sasa uwezekano umepanda hadi asilimia 55.

Kanuni za toleo la tano, lililotoka 2014, zikisomwa neno kwa neno, ndivyo zinavyosema. Na mpaka leo naiona ni moja ya pembe zinazovutia zaidi za mchezo huu.

Kwa ambaye hajawahi kuucheza: ulichapishwa mwaka 1974 nchini Marekani, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Kila mchezaji ana mhusika wake, mmoja anasimamia hadithi, na lenye shaka linaamuliwa kwa dadu. Katika toleo la tano, mazingira yakikupendelea unapata faida: unarusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo kubwa. Yakikukwaza unapata hasara: unarusha mbili na kuchukua iliyo ndogo.

Swali ni moja. Vikikutana vyote viwili, inakuwaje?

Nilisimamia michezo kwa muda mrefu nikiamini kwamba vinahesabiwa. Hasara mbili, faida moja, toa, inabaki hasara moja. Niliwahi kumlazimisha mchezaji arushe dadu mbili: moja ikaonyesha 16, nyingine 7, nikamwambia asome 7. Mshale ukapotea. Kwa kanuni zilivyo, alistahili kurusha dadu moja tu, na huenda ile ya kwanza ndiyo ingekuwa yake.

Kosa hili lina asili yake. Katika toleo la tatu, la mwaka 2000, hesabu ndiyo ilikuwa mchezo wenyewe. Kumweka adui kati yako na mwenzako kulikupa 2 za nyongeza, kusimama mahali pa juu 1, kupiga mshale penye watu wanaopigana ana kwa ana kukakukata 4, na umbali ulikata 2 kila mshale ulipovuka kipimo kingine cha upinde. Ulijumlisha, ukatoa, ndipo ukarusha. Aliyejifunzia huko, au aliyefundishwa na aliyejifunzia huko, anakuja kwenye toleo la tano na mizani kichwani.

Lakini kanuni ya toleo la tano haina mizani. Inasema kwamba mrusho ukiwa na faida na hasara kwa pamoja, unahesabiwa kuwa hauna hata kimoja, na unarusha dadu moja. Kisha inafunga mlango kabisa: ni hivyo hata kama mambo yanayoleta hasara ni mengi na linaloleta faida ni moja tu, au kinyume chake.

Njia iliyonisaidia kuielewa ni kufikiria kikao kinachoamua kwa kauli moja. Kila jambo lililopo uwanjani linapata nafasi ya kusema. Wote waliosema wakikuunga mkono, unapata faida, na haijalishi ni mmoja au kumi. Wote wakikupinga, unapata hasara. Lakini akitokea mmoja tu mwenye kauli tofauti, kauli moja imevunjika na kikao kimetoka bila uamuzi. Hakuna anayehesabu mikono, kwa sababu kikao hiki hakipigi kura. Kumi dhidi ya mmoja ni sawa na mmoja dhidi ya mmoja.

Turudi bondeni. Kabla ya ukungu, umbali peke yake ndio uliosema, nao ulipinga: hasara. Ukungu ulipoingia ukaleta kauli mbili. Wa kwanza anasema, humwoni unayempiga, kwa hiyo hasara. Wa pili anasema, unayempiga naye hakuoni, hawezi kujikinga na asichokiona, kwa hiyo faida. Huyo wa pili ndiye aliyevunja kauli moja. Umbali ukanyamazishwa pamoja na ukungu wenyewe.

Kwa nini basi visihesabiwe? Wepesi wa mchezo ni jibu la kwanza, na linaonekana mezani. Ila ukizitazama dadu zenyewe utaona tatizo la ndani zaidi: faida haina uzito mmoja. Mpiga mishale wetu anayehitaji 10 hukosa mara 9 katika 20, yaani asilimia 45. Akiwa na faida, ili akose ni lazima dadu zote mbili zikose, na 45 ya 45 ni asilimia 20.25. Anapata kwa asilimia 79.75, karibu sawa na kuongezewa 5. Sasa mpe adui ambaye hapatikani ila kwa 20 kamili. Dadu moja inampa asilimia 5, mbili zinampa 9.75, nyongeza haifiki hata 1. Wanaosema faida ni 5 za nyongeza wameitoa kwenye kanuni ya utambuzi usiorushiwa dadu, ambako kweli ni 5. Penye dadu, wastani hupanda kutoka 10.5 hadi 13.825, na hata huo unaficha tofauti nilizozitaja. Kitu ambacho uzito wake unabadilika kwa kila adui, utakitoaje kwenye kingine?

Ile asilimia 55 ina sharti lake, hata hivyo. Ni lazima mpiga mishale ajue adui yuko wapi, walau kwa kumsikia. Akibahatisha mahali na adui hayupo hapo, mshale umepotea, dadu iseme itakavyosema. Kwenye futi 200 za ukungu, msimamizi ana kila haki ya kusema kwamba hakuna kinachosikika.

Toleo lililorekebishwa mwaka 2024 halikuigusa kanuni hii, na wachezaji wanaoijua huitumia vizuri. Mpiganaji ametiwa sumu, amelala chini, na kiza hakimruhusu kumwona adui aliye mbele yake, ingawa adui anamwona: hasara tatu. Mwenzake aliye ndani ya futi 5 za adui huyo anatumia zamu yake kumsaidia, na msaada huo huleta faida moja. Zote tatu zinafutika kwa mara moja, na mpiganaji anaokota dadu moja tu.