Pawa saplai ya paneli: hiyo 24V inatoka wapi na kwa nini inazeeka kimya kimya

Ukifungua kabati la kontroli kwenye kiwanda chochote, iwe mashine ya kusaga posho Busia au laini ya maji ya chupa huku Jinja, macho yote yanakimbilia PLC, ile kompyuta ndogo inayoendesha mashine, maana ndo yenye taa nyingi na ndo ya bei. Kile kiboksi kilichobanwa pembeni kwenye reli, chenye matundu matundu na taa moja tu ya kijani, hakuna anayekiangalia. Hicho ndo pawa saplai, na kila kitu ndani ya kabati kinakula kutoka kwake: PLC, skrini, sensa, rilei, valvu za hewa. Kikiyumba, wote wanayumba, alafu lawama anabeba PLC.

Kazi yake kwa maneno mepesi ni kubadilisha stima ya ukutani kuwa ile ndogo ambayo vifaa vya kontroli vinaitaka. (Nasema stima makusudi, hapa Uganda ukisema umeme mtu anafikiri ile kampuni ya Umeme iliyokuwa inasambaza stima, ambayo mkataba wake uliisha 31 Machi 2025 na UEDCL ya serikali ikachukua kesho yake, lakini jina limebaki midomoni.) Inaingia 240V AC (stima inayogeuka-geuka mwelekeo), inatoka 24V DC (inayokwenda upande mmoja tu). Kwa nini 24? Haimrushi mtu kirahisi akiigusa, na ukiipitisha kwenye waya mrefu hadi sensa iliyo mwisho wa konveya haipotei njiani sana kama ingekuwa 5 au 12.

Zamani ilikuwa transfoma kubwa nzito na diodi (kale kanakoruhusu stima upande mmoja tu), basi. Hizi za sasa ni nyepesi kwa sababu zinafanya ujanja mwingine: stima ikiingia inageuzwa DC ya juu, karibu volti 340, inahifadhiwa kwenye kapasita moja nene, alafu inakatwakatwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde moja, inapita kwenye katransfoma kadogo, inanyooshwa tena upande wa pili na kapasita zingine zinailainisha hadi itulie kwenye 24. Kumbuka hiyo ya volti 340, nitairudia.

Sasa hapo kwenye kapasita ndo pana mambo. Sehemu nyingi za ndani zinaweza kukaa miaka na miaka, ila kapasita ya elektroliti ina maji maji ndani na hayo maji yanakauka polepole, hata kama hakuna aliyekosea kitu. Joto ndo linaamua spidi. Mafundi wanatumia kanuni moja rahisi, kila digrii 10 ikipungua maisha ya kapasita yanaongezeka mara mbili, ikipanda yanakatika nusu. Chukua kapasita iliyoandikwa masaa 5,000 kwa digrii 105. Ikifanya kazi kwa 75 utapata kama masaa 40,000, na mwaka mzima bila kuzima ni masaa 8,760, kwa hiyo hapo una miaka minne na nusu hivi. Ikifanya kazi kwa 65 unakaribia miaka tisa. Kabati ni lile lile, saplai ni ile ile, tofauti ni feni ya mlango kufa na mtu kusema tutaibadilisha mwezi ujao.

Na haifi ghafla kama balbu, ndo shida yake. Taa ya kijani inaendelea kuwaka, mita inaendelea kusoma 24.

Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda kimoja, mashine ya kujaza chupa inasimama yenyewe mara tatu mara nne kwa siku, hasa jioni na hasa mawingu yakianza kujikusanya upande wa ziwa. Kabla yangu walishapitia programu ya PLC mara mbili na PLC mpya ilikuwa imeshaagizwa. Kijana wa zamu ananiambia, "Fundi, stima ikipepesa kidogo tu hii inazima, na zamani ilikuwa haizimi." Yeye alidhani analalamika, kumbe amenipa jibu lote. Saplai nzima ikiwa mpya inashikilia 24V kwa karibu milisekunde 20 hata stima ikikatika, yaani mzunguko mmoja mzima wa hertsi 50, na inaishi kwa akiba ya ile kapasita nene. Kapasita ikikauka akiba inaisha, kwa hiyo kule kupepesa ambako taa za ofisini hata hazikuonyesha, PLC inakuona kama stima imeondoka, inajiwasha upya, mashine inasimama na chupa zinamwagika. Niliweka mita ikasoma 24.1, injinia wao akacheka. Nikageuza mita upande wa AC pale pale kwenye 24V, ikasoma karibu volti nzima. Hapo hakucheka.

Hiyo ya kupima AC juu ya DC ni kipimo cha maskini lakini kinasaidia. Saplai nzima mawimbi yake, yaani ile AC inayobaki juu ya DC, ni madogo sana, milivolti makumi, kwa hiyo ukiona nusu volti au zaidi ujue ndani kumechoka. Ila kwanza jaribu mita yako kwenye betri ya gari, kuna mita za bei rahisi ukiziweka AC zinaisoma DC kama AC, zinakupa namba kubwa ya uongo, na betri haina mawimbi yoyote. Mwenye osiloskopu, ile mashine inayochora mawimbi ya stima kwenye skrini, atumie hiyo, ndo kipimo cha kweli. Pia pima wakati mashine inafanya kazi, valvu zikifunguka zote pamoja, maana saplai iliyochoka ikiwa haina mzigo inajifanya mzima kabisa.

Dalili nyingine ni taa kuwaka na kuzima kama inapumua. Hapo mara nyingi saplai haina kosa, kuna shoti mahali au mzigo umezidi na yenyewe inajilinda, inajaribu, inakataa, inajaribu tena. Toa waya za upande wa 24 zote, taa ikitulia basi rudisha mmoja mmoja hadi umpate mwenye shoti. Kwenye viwanda vyenye maji mengi ni plagi ya sensa karibu kila wakati.

Na hapa kuna kitu mafundi wa stima ya kawaida hawakipendi kusikia: breka ndogo ya kawaida, ile swichi inayojikata stima ikizidi, ukiiweka upande wa 24V inaweza isikatike kabisa. Breka inataka mshtuko mkubwa wa ampea ili iruke haraka, na saplai inajibana ikizidi kidogo tu ya uwezo wake, sasa ule mshtuko utatoka wapi? Sensa moja ikipiga shoti, 24V yote inaanguka na kiwanda kinasimama kwa sababu ya kitu kidogo kama kidole. Gawa matawi, kila tawi fyuzi yake ndogo, au zile breka za elektroniki zilizotengenezwa kwa kazi hiyo kama mfuko unaruhusu.

Ukubwa unachaguaje? Jumlisha ampea. Tuseme PLC na moduli zake 1A, skrini 0.5A, sensa ishirini za 30mA zinafanya 0.6A, valvu nane za wati 5 kila moja ni kama 1.7A, rilei kidogo 0.2A. Jumla 4A. Saplai ya 5A, yaani ya wati 120, itaibeba ukiwa kwenye asilimia 80, sawa, lakini kama kabati liko karibu na boila mi nachukua ya 10A bila kubishana, maana nyingi zinaanza kupoteza uwezo kuanzia digrii 50 au 60 na unayosoma kwenye lebo sio unayopata. Wengine wanauliza kuhusu mwinuko pia. Hewa nyembamba inapoza vibaya na watengenezaji wengi wanaanza kupunguza uwezo kuanzia mita 2,000, Kampala na Jinja tuko kama 1,200 tu, kwa hiyo hiyo waachie watu wa milimani. Na usifunge saplai mbili sambamba eti zisaidiane, bila moduli ya diodi au bila swichi ya kazi hiyo moja itabeba mzigo wote na nyingine itakaa kutazama.

Kubadilisha sio kazi ngumu, ila ina mitego. Piga picha ya waya kabla ya kugusa chochote, na sio picha moja ya mbali, piga karibu hadi namba za waya zisomeke. Zima breka kuu, weka kufuli lako na kadi yako, kuna mtu siku zote atataka kurudisha stima kwa sababu bosi anamfokea, alafu pima kuhakikisha imekufa kweli. Sasa ile volti 340: inabaki ndani ya kapasita hata baada ya kuzima, ngoja dakika kadhaa, na usifungue boksi lenyewe kwa kudadisi tu.

Mtego mkubwa kuliko yote uko kwenye zile saplai za bati za bei nafuu. Ubavuni zina kaswichi kadogo kekundu ndani ya tundu, kameandikwa 115 upande mmoja na 230 upande wa pili. Ikija imewekwa 115 na wewe ukaiunganisha na stima yetu, utasikia mlio mmoja, utaona moshi, na umepoteza pesa ndani ya sekunde moja. Sukuma hako kaswichi na bisibisi nyembamba hadi 230 ionekane, kabla hata hujaifunga kwenye kabati.

Washa kwanza bila mzigo, pima, zungusha ile skrubu ndogo ya kurekebisha hadi 24 au 24.5 kama waya zako ni ndefu, hakikisha chanya na hasi ziko mahali pake, ndo uunganishe. Na angalia kama ya zamani ilikuwa na kawaya kafupi kutoka hasi kwenda athi, yaani waya wa ardhini. Watu wanakasahau sana maana kanaonekana kama takataka iliyobaki, lakini bila hako, waya wa 24V ukigusa bati la mashine hakuna fyuzi inayojua, na sensa zinaanza vituko ambavyo utavitafuta wiki nzima. Acha nafasi juu na chini, vidole vitatu hivi, hewa ipande. Hapo ndo mtu hupenda kubandika rilei ya nyongeza kwa sababu anaona pako wazi.

Matunzo ni machache. Safisha vumbi kwa kulinyonya, sio kwa hewa ya kompresa, ile ina maji na inasukuma vumbi ndani zaidi, na kwenye viwanda vya sukari au vya unga hilo vumbi likipata unyevu linakuwa gundi. Badilisha chujio la feni. Kaza skrubu. Andika volti uliyopima na tarehe kwenye karatasi ndani ya mlango, na siku uliyofunga saplai iandike na maka juu ya boksi lenyewe, mi mashine ikikesha mwaka mzima kwenye joto nabadilisha mwaka wa tano bila kungoja ife. Ile ya spea iliyoko stoo iwashe angalau mara moja kwa mwaka, kapasita inazeeka hata ikiwa ndani ya katoni.

Na hiyo ya zamani uliyoitoa usiirudishe stoo. Ile ya kiwanda cha chupa, askari wa geti aliiomba akawashie redio, storkipa naye akataka kuiweka kwenye rafu "maana bado inawaka." Mi nilikata terminali zake na pleya mbele yao wote wawili, nikachora X kubwa juu. Miezi miwili kabla ya hapo, kwenye kiwanda kingine, nilifunga spea iliyotoka kwenye rafu kama hiyo na nikamaliza usiku kucha nikitafuta kosa kwenye waya zangu mwenyewe.