Je, wajua kompyuta hutambuaje makundi ya watu bila kuambiwa nani yuko wapi?

Mwaka 1977 mwanaanthropolojia Wayne Zachary alichapisha utafiti kuhusu klabu ya karate ya chuo kikuu kimoja cha Marekani. Klabu ilikuwa imevunjika. Mwalimu alitaka ada ya mafunzo ipande, mwenyekiti akakataa, uongozi ukamfukuza mwalimu, na wafuasi wake wakaondoka wakaanzisha klabu nyingine. Zachary alikuwa amefuatilia nani hukutana na nani nje ya mazoezi: darasani, baa, mashindanoni. Ukiuchora uhusiano huo unapata nukta 34, yaani wanachama, na mistari 78 ya uhusiano.

Tuseme kompyuta inapewa mchoro huo tu, haijui habari ya ugomvi. Itawagawaje?

Mwaka 2002 Michelle Girvan na Mark Newman walileta njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu huanza kwa kusaka madaraja, yaani mistari inayounganisha kundi moja na jingine. Programu huchukua kila watu wawili na kutafuta njia fupi kabisa ya kutoka kwa mmoja hadi kwa mwenzake. Ndani ya kundi lililoshikamana njia ni nyingi, hakuna mstari unaoelemewa. Ila pale makundi mawili yanapogusana kupitia watu wachache, safari zote hubanana hapohapo. Mstari wenye msongamano mkubwa hukatwa, kisha hesabu huanza upya, maana daraja moja likifungwa msongamano huhamia kwingine. Ukiruka hatua hiyo ya kurudia, matokeo huharibika. Klabu ya karate ilipokatwa hivyo, mtu mmoja tu ndiye aliyeangukia upande usio wake.

Hesabu ya Zachary mwenyewe, iliyotumia njia tofauti, nayo ilimkosa mmoja: mwanachama namba 9. Alimuunga mkono mwenyekiti, tena kwa unyonge, lakini akamfuata mwalimu. Zilibaki wiki 3 afanye mtihani wa mkanda mweusi, na kubaki upande wa mwenyekiti kungemrudisha mwanzo.

Kwenye mitandao mikubwa, kukata mstari mmoja mmoja huchukua muda mno. Mwaka 2008 watafiti wa Louvain, Ubelgiji, walitumia njia ya haraka: kila nukta hujiunga na jirani pale muungano unapoongeza mshikamano, kisha makundi nayo huunganishwa vivyo hivyo. Waliijaribu kwa mawasiliano ya wateja wa simu zaidi ya milioni 2. Makundi makubwa yaliyojitokeza karibu kila moja lilikuwa na wasemaji wa lugha moja kwa sehemu kubwa, Kifaransa au Kiholanzi, isipokuwa moja lililokaa kati ya pande hizo mbili, ambamo lugha hizo zilichanganyika.