AI imesoma CT, sasa biopsi ya nini?

Jamani hili nimelichoka. Ndugu wa mgonjwa anakaa tu, salamu hazijaisha, "Dokta, si siku hizi AI inaangalia picha ya CT inajua kansa ni ya aina gani, sasa mama mnamchoma sindano ya kutoa kinyama (biopsi) ya nini?" Na ukichimba unakuta ni ile hofu yetu ileile, kwamba uvimbe ukiguswa unasambaa. Seli kusambaa kwa njia ya sindano hutokea mara chache sana, ila kuzunguka na uvimbe miezi mitano mara kwa mganga mara kwa maombi, huko ndio unasambaa kweli.

Sasa hiyo AI. Ni kweli zipo modeli, yaani programu za AI, zinazochukua CT ya pafu zikakisia kama uvimbe una mabadiliko ya EGFR, jeni inayochochea seli kukua. Zinapima vitu ambavyo jicho langu halivioni, weusi na weupe ulivyochanganyika ndani ya uvimbe, kingo zilivyokaa, halafu zinakupa uwezekano. Uwezekano tu! Vidonge vinavyolenga EGFR hatuandiki kwa kukisia, ukimpa asiye na hayo mabadiliko umemlia muda na hela bure. Mwaka 2021 wanaradiolojia wa Marekani Kaskazini waliitisha shindano, timu zaidi ya elfu, kazi ni kutabiri hali ya MGMT, jeni inayotusaidia kujua kama kemo itafanya kazi, kwenye uvimbe wa ubongo kwa MRI peke yake, mshindi akapata alama 0.62 kati ya 1, na kurusha shilingi ni 0.5. Hao walikuwa na MRI zenyewe kamili, sio wewe umepiga picha filamu kwa simu mbele ya tyubu laiti ukaitupia WhatsApp, pale namba za CT (kipimo cha weusi na weupe wa kila doa) zimeshapotea kimebaki mng'ao na kidole chako. Ombeni CD ya picha jamani, na muitunze.

Halafu modeli inabeba tabia za kwao. Adenokasinoma ya pafu (aina mojawapo ya kansa ya pafu), Asia Mashariki karibu nusu ya wagonjwa wana mabadiliko ya EGFR, Ulaya ni kama 10 hadi 15 kwa 100, kwahiyo iliyofundishwa Shanghai ukiileta Dar na mashine nyingine na vipande vya CT vinene zaidi, majibu yake mimi siyasaini.

Wengine wanasema ni utapeli mtupu. Hapana. Mwaka 2019 watafiti wa Ujerumani walionyesha kompyuta inaweza kutambua MSI (alama kwamba seli zimeshindwa kurekebisha DNA yake) ya kansa ya tumbo na utumbo mpana kwa slaidi ya kawaida ya patholojia, kile kioo cha kuangalia kwa darubini, ile ya rangi ya pinki na zambarau. Safi kabisa. Slaidi imetoka wapi? Kwenye kinyama, kwa sindano hiyohiyo unayoikataa.

Na wale wa "AI imesema haina HER2 basi": HER2, ER na PR, yaani vipokezi vya seli za kansa ya titi vinavyotuongoza kuchagua dawa, zinapimwa kwenye kinyama, mjadala umefungwa.

Ila kinyama nacho kiheshimiwe. Najua hapa mjini mara nyingi ndugu ndio anakabidhiwa kichupa apande nacho daladala hadi maabara. Hakikisha ndani kuna formalini (dawa ya kuhifadhi kinyama), sio maji wala spiriti, na kimeandikwa jina na saa kilipotolewa, maana kwa HER2 kinatakiwa kikae kwenye formalini saa 6 hadi 72, kwahiyo kikitolewa Ijumaa kipeleke Ijumaa, usikiweke kabatini eti Jumatatu nitapita.